Mifuko juu ya paa

Juzi nilimbeba ajenti mmoja wa migodi hadi Dilala. Mwenye haraka hutafuta pikipiki yangu, uliza yeyote. Jirani alikuwa amemshitaki mama mmoja wa huko kwamba amejaza mifuko ya udongo juu ya paa lake la saruji. Kwetu Kolwezi, udongo ndani ya mfuko ni madini, na ukikutwa unachimba chini ya nyumba yako, unaweza kuipoteza.

"Mama, hii minerai ulichimba wapi?" ajenti akauliza.

"Panda uone, tata. Ni matembele. Joto ilikuwa inatuchoma mu nyumba."

Alipanda. Mimi nami nilipanda, maana shahidi mwenye akili lazima awepo. Ajenti akachomeka kidole udongoni, akanusa, akachuma jani, akalitafuna.

Tukashuka, akaketi sebuleni kuandika ripoti. Nje jua lilikuwa kali, ndani kumepoa. Akatoa kitambaa kujifuta jasho kama alivyozoea, akakuta uso mkavu. Akaandika: hakuna madini. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama, mifuko ngapi inaweza kutosha ku paa ya bureau yetu ya kazi?"

"Uliza jirani, tata. Yeye njo alihesabu yote kabla ya kunishitaki."

Shule niliiacha mapema, lakini jibu hilo nililielewa kabla ya ajenti.