Mkono wa Kushoto Kwenye Sakafu ya Mama

Vijana, kama unasoma haya huku mtu mwingine anakuoshea vyombo, mimi sina neno na wewe. Soma tu. Lakini soma mpaka mwisho, usiruke-ruke, kwa sababu habari hii imenichanganya tangu nikiwa mdogo na nimechoka kuchanganyikiwa peke yangu.

Ilinirudia Jumamosi. Niko hapa Nakuru kwa kijana wangu, nimekaa kwa kiti changu cha dirishani, na nyumba nzima ni kelele. Mke wa kijana wangu anafanya kazi hospitalini, akitoka hapa hata jogoo hajaamka. Kijana wangu anauza vipuri vya magari. Watoto ni shule na tuisheni. Nyumba inakaa wiki haijafagiliwa, halafu siku ya kufagiliwa wanagombana ni zamu ya nani. Sasa wanataka kuajiri mama wa usafi. Mmoja anasema ni kutupa pesa, mwingine anasema ni kununua usingizi. Mjukuu wangu akanigeukia, "Shosh, si uamue tu? Wewe ndio mkubwa hapa."

Kumbe mama wa usafi walikuwa wameshamwita, yuko mlangoni. Akaingia, akavua viatu, akapiga magoti, akaanza kupangusa vigae kwa kitambaa kibichi. Mkono wake ukawa unachora nusu duara, nusu duara, akirudi nyuma kuelekea mlango. Kabla hajasimama, zile alama zilikuwa zimekauka zikapotea. Wakaniuliza, "Shosh, unaonaje?" Nikawaambia waniache kwanza. Sikuwa nawaona. Nilikuwa naona sakafu ya nyumba ya mama yangu.

Miaka hiyo ya hamsini tulikaa kwenye shamba la Mzungu, chini kidogo ya Molo. Baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe. Mama alifanya kazi kwa nyumba ya memsahibu, mke wa yule Mzungu: kuwasha jiko, kusugua sakafu ya mbao kwa nta mpaka mtu ajione uso. Wafanyakazi tulikaa kambini, nyumba za udongo zimepangwa mstari, za nyasi juu, na baridi ya huko wewe usiulize. Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa barafu na sisi miguu ni mitupu. Ukitaka joto, unakimbia zizini ng'ombe wakiamka, unasimama pale walipokuwa wamelala.

Nyumba zetu hazikuwa na simenti. Chini tulipaka mavi ya ng'ombe. Msikunje uso. Unachota yakiwa bado ya moto, na kwa baridi ile mikono inashukuru. Unachanganya na jivu na maji, unapiga magoti kule ndani kabisa, unapaka ukirudi nyuma mpaka utokee mlangoni. Ikikauka hakuna vumbi, hakuna funza, na nyumba inanuka kama nyasi baada ya mvua. Na mkono wako unabaki pale. Kiganja kinaacha nusu duara, na mahali kilipoishia kinaacha ukingo mwembamba wa kile kilichosukumwa. Kila mwanamke na mkono wake. Nyanya yangu, mama wa baba, alikuwa akisema, "Mwanamke nitamjua chini kabla hajanisalimia."

Kwa vile mama aliondoka alfajiri, kazi ya kupaka ilikuwa yangu. Na kufagia. Na maji. Halafu ndio nikimbie shuleni, chumba kimoja cha mbao karibu na ghala la maua ya pareto, kengele ni kipande cha reli kimefungwa mtini. Nilifika kila mara kengele imeshalia, kucha zangu ni kijani. Mwalimu alivumilia, akavumilia, siku moja akamfuata baba zizini. "Huyu wako akichelewa tena," akasema, "nafasi yake nampa mwingine. Wanaosubiri ni wengi."

Jioni hiyo mama alikaa karibu na moto akichochea kuni. Halafu akasema, "Nitatafuta mtu wa kupaka."

Baba akacheka. "Ngoja nielewe. Wewe unalipwa kusugua nyumba ya mtu. Halafu umlipe mtu apake nyumba yako?"

"Ndiyo."

"Si ubaki hapa upake yako, maneno yaishe?"

"Na hapa nani atanilipa? Wewe?"

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka, nilikuwa najaribu kuifuata hiyo hesabu na inanikataa. Mama alijua kusafisha kuliko mwanamke yeyote pale kambini, na nyumba yake ndiyo ilikuwa inatafutiwa mtu.

Mtu huyo alikuwa jirani wetu wa nyumba ya tatu, mama wa makamo, mcheshi, wa kuongea na kuku. Alichuma pareto msimu wa pareto na msimu ukiisha alikaa tu. Mama alimpa unga kutoka kwa posho yetu na maganda ya mkate ya kwa memsahibu. Nikamwuliza mama, "Na kwake anapaka nani?"

"Maswali kama hayo ndiyo wanawafundisha huko?" mama akasema.

Sitadanganya, maisha yalikuwa matamu. Niliamka, nikanywa uji wa wimbi, nikaenda shule kucha zikiwa safi, nikafika kabla ya kengele. Lakini nikirudi nyumbani nilisimama mlangoni kama mgeni. Chini palikuwa pasafi kuliko nilivyokuwa nikipaka mimi, lakini hapakuwa petu. Jirani alipaka alama ndogo-ndogo zimelaliana kama magamba. Za mama, alizonifundisha na mimi, zilikuwa nusu duara kubwa, pana. Na mama akirudi jioni, mikono yake ilinuka nta. Nikawa sijui nyumba yetu ni ipi, ile yenye mkono wa mama au hii yenye mikeka yetu.

Kisha habari ikaja kwamba nyanya anashuka kutoka Kuresoi na gunia la viazi. Mama alishika kichwa. Alikimbia akamwita jirani, wakapiga magoti wote wawili, ndoo katikati.

"Si hivyo. Fungua kiganja. Peleka mbali."

"Hivi?"

"Mbali! Unapaka, hubembelezi mtoto."

"Wewe mama, hata bwana yangu hajawahi kunifundisha mkono wangu," jirani akasema, na wakacheka mpaka ndoo ikamwagika. Walipomaliza, hata mimi ningeapa ni mkono wa mama. Duara ni zile zile, upana ni ule ule. Jirani akaenda zake akijisifu kwa kuku.

Nyanya akafika na lori la maziwa. Alishuka, akatua gunia, hakukaa. Alisimama mlangoni akaangalia chini muda mrefu. Halafu akainama, akapitisha kidole juu ya zile alama.

"Mkono ni mzuri," akasema.

Mama akashusha pumzi.

"Lakini ni wa kushoto." Akaonyesha ule ukingo mwembamba mwisho wa kila duara, uko upande usio wake. "Tangu lini ukawa wa shoto, mke wa kijana wangu?"

Hata mmoja wetu hakuwa amefikiria jambo hilo. Jirani alifanya kila kitu kwa kushoto, kuchuma, kula, hata kupungia watu mkono, na sisi wote tulikuwa tumemzoea hivyo.

Nilitegemea mama alie. Hakulia. Alijibu pole pole, macho chini kama inavyotakiwa mbele ya mama mkwe. "Mama, mkono wangu wa kulia uko kwa memsahibu. Huko ndiko nguo zinatoka. Huyu msichana naye mkono wake uko shuleni, na mwalimu amesema akichelewa tena anatolewa. Ungekuwa wewe, ungepaka na nini?"

Nyanya akamgeukia baba. Baba akasema, "Mimi naona chini pasafi tu," akapewa jicho, akakumbuka ng'ombe, akatoka.

Nyanya alikaa juu ya gunia lake la viazi. Akanitazama. "Huko shuleni wanawaambia nini?" Nikamwambia tuko kwa hesabu za kutoa. Ukipungukiwa, unakopa kwa jirani wa kushoto. "Na yeye akiwa hana?" akauliza. Nikasema anakopa kwa jirani yake. "Na yule wa mwisho?" Nikasema mwalimu hajafika hapo.

Halafu akasema neno lake: yule jirani asirudi, nyumba ya kijana wake haipakwi na mkono wa kukodiwa. Msichana aendelee na shule. Yeye mwenyewe atabaki apake.

Akabaki. Nawaambia vijana, sijawahi kuwa na miezi kama ile. Nikirudi kutoka shuleni nilikuta viazi ndani ya majivu ya moto, ngozi imekauka inapasuka ukiigusa, na maziwa ya kibuyu yaliyoganda, yenye mkaa wa kuyatia ladha. Chini palikuwa na mkono wa nyanya, mzito, alama zimenyooka kama za jembe. Mama alipumzika. Nilijifunza kuandika jina langu bila kuangalia ubao. Mwalimu alisema nina kichwa. Jirani tu ndiye alipita mlango wetu bila kusalimia, na mimi nikawa nazunguka nyuma ya nyumba nisikutane naye, bila kujua mwenye kosa ni nani.

Kabla ya mvua za kupanda, mtu akaja kutoka Kuresoi. Akasema nyumba ya nyanya imepasuka chini kote, panya wamechimba, vumbi limejaa mpaka kwenye vibuyu. Wakati wote ule alikuwa anapaka kwetu, kwake hakuna aliyepaka.

Nyanya hakupandisha sauti. Alifunga kanga yake, akasema, "Mgongo wangu haupaki nyumba mbili tena. Mimi nimewapa mkono wangu. Sasa nipeni mmoja wa kwenda nao." Na mikono iliyokuwa haina kazi ya kulipwa pale ndani ilikuwa ni yangu.

Mama akashika mlango. Angesema nini? Amwambie mzee aliyemsaidia akapake peke yake na mgongo ule? Akasema tu, "Ataenda kwa muda." Baba aliangalia chini, na safari hii sidhani alikuwa anaona usafi.

Asubuhi ya kuondoka nilienda kumuaga jirani. Aliniita niingie. Ndio mara ya kwanza nikaona sakafu ya nyumba yake. Vumbi tupu, nyufa ungeweza kutia kidole. Akanicheka nilivyokuwa nakodoa macho. "Ulidhani nini, mama? Nguvu nilikuwa namaliza kwenu." Akanipa kiazi cha kuchoma cha njiani. Alinipa kwa kushoto, na nikapokea.

Ule muda aliosema mama haukuisha. Kuresoi huko juu pembeni ya msitu hapakuwa na shule ya karibu, na nilipaka kwa nyanya mpaka nikaolewa. Sikufika pale mwalimu anapoeleza yule jirani wa mwisho akiwa hana, nani anakopwa.

Nimezungusha jambo hili miaka mingi. Mama alikosea kuajiri? Bila yule jirani nisingeandika hata haya. Nyanya alikosea kumfukuza? Alitoa mgongo wake wenyewe, hakutoa wa mtu. Jirani alikosea kuchukua unga? Alikuwa na njaa. Kila nikitaka kumkasirikia mmoja, naona magoti yake yamepigwa chini. Basi namkasirikia nani? Sijui. Ukijua wewe, mwenye kusoma, uje uniambie.

Ile kambi haipo. Pale palipokuwa na nyumba zetu ni ngano, na ile reli ya kengele sijui iliyeyushwa ikawa nini. Nyanya na mama walishatangulia. Siku hizi hata huko Kuresoi watu wametia simenti, na ni vizuri, funza hatuwataki warudi. Lakini simenti na vigae havishiki mkono. Mtu anapangusa, panakauka, ni kama hakuja. Wanangu wanaweza kuishi miaka kumi juu ya sakafu hii wasijue aliyeisafisha ni wa kulia au wa kushoto, wala aliacha nini kwake.

Basi jana, baada ya chakula, niliwaita wote sebuleni, wakazima televisheni. Nikawaambia hivi, na ndivyo itakavyokuwa maadamu niko kwenye nyumba hii:

"Huyo mama mwajirini. Lakini kabla ya kutaja mshahara, mwulizeni: kwako anafagia nani? Akisema ni msichana wake, basi aje hapa msichana akiwa ameshaingia darasani, na aondoke mapema afagie kwake mwenyewe. Na asikute kitanda hakijatandikwa wala kikombe kichafu cha mtu mwenye mikono miwili. Sasa simameni, ufagio uko nyuma ya mlango."