Glasi Isiyoonekana na Kitambaa Kigumu kama Bati

Mke wangu alikufa kwa kipindupindu katika miaka ya mwisho ya Zaire, hapa Kalemie. Aliugua asubuhi na kabla ya jua kuzama alikuwa ameisha. Siku moja kabla ya hapo nilimpa maji ya kunywa katika glasi. Niliiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha, nikaona maji ni meupe, hayana kitu, nikampa. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Mtoto wetu wa kike, wa miaka minne, alichukuliwa na mama mkwe, na huko alikunywa maji ya ziwa kama yalivyotoka kwenye ndoo. Nilimtuma shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akamwambie mama yake achemshe. Shemeji alirudi anacheka.

“Mama anasema maji ya kuchemsha njo maji ya bagonjwa. Haina utamu. Anasema pia, makala utaleta wewe?”

“Mwambie makaa nitaleta.”

“Nilimwambia. Akasema muntu akiona maji ni safi, anachemsha nini? Uchafu gani?”

Mimi mwenyewe sikuweza kwenda kubishana naye. Mama mkwe ni Muluba wa upande wa Kabalo, na kwao mkwe mwanaume haongei na mama wa mke wake uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja anaacha njia. Katika miaka sita ya ndoa sikuwahi kumwambia neno moja ambalo halikupita kwanza katika kinywa cha mtu mwingine.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika misheni. Nilisoma hadi mwaka wa pili wa sekondari, basi. Padri mmoja mzee, mgeni, alikuwa na kompyuta, na katika disketi zake kulikuwa na programu ya kutengeneza picha. Haikuwa ya kuchora kwa mkono. Uliandika mistari ya maneno na namba: hapa weka meza, hapa weka taa, hapa weka jicho linaloangalia. Kisha mashine ilihesabu yenyewe safari ya mwanga na kuijaza picha mstari mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu. Ukitengeneza picha nyingi, kila moja ikipishana kidogo na nyingine, ukazipitisha haraka, vitu vinatembea.

Padri alitaka filamu fupi ya kufundisha watu juu ya maji. Alipouliza nani atajaribu, nilisema mimi, kabla hajamaliza kuuliza. Mama mkwe hakukosa kitu chochote kilichoonyeshwa katika ukumbi wa parokia. Niliona nimepata njia ya kumwambia bila kumwambia.

Nilichotaka kilikuwa kidogo. Kwetu mgeni akifika, unampa maji kwenye glasi iliyofunikwa kitambaa. Filamu ingeonyesha glasi hiyo juu ya meza. Kitambaa kingeinuka, maji yangeonekana safi kabisa, kisha maneno yangetokea: Hata haya yanaua. Chemsha.

Glasi ya kwanza ilitoka nyeusi. Nilikuwa nimeandika kila kitu kama kitabu kilivyosema: bomba kubwa, ndani yake toa bomba dogo, halafu namba ya jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye kioo. Nilingoja tangu asubuhi hadi saa sita ya mchana, nikapata kitu kama kopo lililoungua. Nilibadilisha namba. Kesho yake glasi haikuwepo kabisa, meza tupu. Nikabadilisha tena, ikarudi nyeusi.

Padri alikuja akasimama nyuma yangu.

“Glasi haina rangi yake,” alisema. “Inaonyesha vitu vilivyo karibu nayo. Wewe umeiweka mahali pasipo na kitu. Itaonyesha nini?”

Basi nikajenga chumba. Niliweka ukuta mweupe, dirisha, na nje ya dirisha rangi ya buluu. Kila nilichoongeza kilizidisha muda wa kungoja, na umeme wenyewe haukuwa wangu. Ulitoka kwenye gurupu, mashine ya mafuta iliyowashwa asubuhi kwa ajili ya karakana ya seremala aliyekuwa akitengeneza milango ya shule. Kila mara fundi alipowasha randa kubwa, umeme ulishuka, kompyuta ikazimika, na picha iliyokuwa imefika nusu ikapotea. Nilikimbilia karakana nikiwa na hasira.

“Fundi, si nilikuomba uniambie kabla ya kuwasha?”

“Papa, mimi niko natengeneza milango ya masomo. Wewe uko unapika glasi. Bado haijaiva?”

“Bado.”

“Tia makala!”

Wanafunzi wake wote walicheka. Tangu siku hiyo nikaitwa Papa Glasi, yaani Baba Glasi, na kila asubuhi nilisalimiwa kwa kuulizwa kama imeiva.

Glasi ilikuwa afadhali. Kitambaa ndicho kilichotaka kunitoa roho. Programu ile haikujua kitambaa ni nini. Ilijua vipande vilivyopinda, na kila kipande kilitaka sehemu zake zitajwe kwa namba: kwenda kulia kiasi gani, juu kiasi gani, mbele kiasi gani. Nilichukua kikwembe, kitenge cha marehemu, nikafunika glasi kwa pembe yake mezani kwangu, nikapima mikunjo kwa rula ya shule. Nilipima kwa siku nyingi. Kila nilipokigusa kilihama, ikabidi nianze upya. Katika mkunjo mmoja bado kulikuwa na harufu ya mafuta yake ya mawese, na hapo nilikaa muda bila kupima kitu.

Namba zote nilizipeleka kwenye mashine. Kilichotoka kilikuwa bati. Bati lenye maua ya kikwembe, limekunjwa na mtu aliyelikunja kwa nyundo. Nililainisha pembe, nikapunguza mng'ao, nikagawa vipande vikubwa kuwa vidogo. Likawa bati jembamba zaidi. Nguo iliyokuwa mezani ilianguka yenyewe, bila kufikiri, na mimi kwa namba mia na mia sikuweza kuiiga. Siku moja nilipiga meza ngumi hadi disketi zikaanguka. Padri aliziokota moja moja.

Mwishoni niliacha kitambaa kibaki kigumu, nikatia nguvu zote kwenye glasi. Niliona maji ndiyo neno lenyewe. Yalitakiwa yawe safi kuliko maji yoyote ambayo mama mkwe amewahi kuona, ili ajue kwamba jicho haliwezi kuyaamini. Na siku moja fundi alikuwa mgonjwa, randa haikulia, picha ikaisha vizuri. Glasi ilikuwa na mwanga wa dirisha kwenye ukingo wake, na fremu ya dirisha ilionekana ndani ya maji imepinda, kama inavyopinda kweli. Niliiangalia, nikafurahi, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Hiyo furaha pia ninaiandika.

Miezi ilipita hadi picha nyingine zikaisha, padri akaweka kamera mbele ya kompyuta, akazichukua zote kwenye kaseti. Jumapili baada ya misa televisheni ilipelekwa ukumbini. Mama mkwe alikaa mbele na mtoto wangu magotini. Mimi nilisimama nyuma, karibu na mlango, kama inavyotakiwa.

Kitambaa kikainuka.

“Eh! Kitambaa yao wametia amido!” mwanamke mmoja alisema, maana kilisimama kama kola iliyotiwa wanga na kupigwa pasi. Ukumbi ukacheka. Halafu glasi ikaonekana, na kicheko kikakatika.

“Maji gani hii?”

“Angalia ginsi inangaa!”

“Haiko ya ziwa hii. Hii njo maji ya Ulaya.”

“Bamama, maji ya kunywa njo hii,” alisema mama mkwe kwa sauti ya mtu anayejua, akimwonyesha mtoto glasi kwa kidole. “Unaona? Safi. Haina hata kitu.”

Maneno yangu yalitokea chini ya glasi. Mama mkwe hakusoma shule, jambo nililolijua na sikulifikiria, na wengi wa mstari wake pia. Waliojua kusoma walikuwa wakibishana kama maji yale yalitoka kwenye chupa au kwenye chemchemi. Mtu aliomba kaseti irudishwe nyuma. Ikarudishwa, na wakaona tena, na wakapenda zaidi. Miezi yote ile nilikuwa nimemtengenezea mama mkwe ushahidi wa kile alichokuwa akisema tangu mwanzo.

Nilitoka nje. Nilipita sokoni, kisha nikajikuta nje ya ua wa mama mkwe. Alikuwa amekwisha kurudi, nilimsikia akisukuma sufuria upande wa pili wa fensi ya matete. Niligeuka, nikaipa fensi mgongo, ili nisimwone.

“Mama,” nilisema.

Sufuria ikanyamaza.

“Maji ya ile filamu ni mimi nilitengeneza. Na yale marehemu mtoto wako alikunywa, mimi njo nilimupa. Niliangalia kwenye dirisha. Yalikuwa safi vile vile.”

Nilidhani ameondoka kwa heshima, au ameenda kuita watu.

“Siku ile alipita hapa,” alisema mwishoni. “Mimi pia nilimupa. Mara mbili.”

Nilisikia anakaa chini.

“Inachemka mpaka saa ngapi?”

“Ikianza kutoa mapovu makubwa, ngoja kidogo tena.”

“Na ile utamu inapotea.”

“Inapotea, mama.”

“Basi ondoka. Batu bataona uko unaongea na mimi.”

Jumatatu nilimtuma shemeji apeleke gunia la makaa. Sikuuliza alipokelewa vipi. Tangu hapo, nikipita barabara ile asubuhi, niliangalia kama kuna moshi wa jiko juu ya fensi. Siku nyingine moshi ulikuwepo. Siku nyingine haukuwepo, na nilikwenda kazini hivyo hivyo, sijui kama maji yamechemka.