Kurasa za Manchester

Mwanangu, nakuita hivyo ingawa kichwani sina hata mvi moja; kosa hukomaza kabla ya umri. Ipo siku moja isiyonitoka. Papa Mulumba, fundi cherehani Mkongo aliyenipa kona ya meza ya kusomea kwenye kibanda chake hapa mtaani Marshalltown, aliniambia binti yake amempatia karatasi za kumfuata Manchester, kaskazini mwa Uingereza.

"Wewe unasomaka sana," akasema. "Uniambie, ule muji uko namna gani? Fundi anaweza pata kazi kule?"

Nilijisomesha mwenyewe, na aliyejisomesha huogopa kuchekwa. Nikaanza kuandika. Kwamba mji ule ulikuzwa na pamba: viwanda vya matofali mekundu, mifereji ya mashua za mizigo, vitambaa vilivyosafirishwa hadi kwetu Afrika. Nikaandika mvua nyembamba isiyojua msimu, tramu zinazokatiza katikati ya mji, mpira unaogawa nyumba moja kati ya wekundu na wabuluu, na mitaa ya wahamiaji ambako mafundi bado wanashona. Kisha nikafuta, nikaandika upya. Kila asubuhi aliuliza. Kila asubuhi nikajibu, "Bado kidogo, Papa, sijamaliza."

"Eish, mtoto!" akacheka. "Nimekuomba maji ya kunywa, wewe unanichimbia kisima."

Nami nikacheka, nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza.

Wiki ya safari hakuuliza tena. Alidhani namficha habari mbaya, kwamba kule fundi hapati kazi. Cherehani yake ya mkono, aliyovuka nayo mipaka mitatu, akamgawia fundi Mrundi aliyekuwa akihamia Durban.

Mwezi uliopita alinipigia simu kutoka Manchester. Majirani wanamletea nguo za kushona, hata za harusi.

"Cherehani ziko mingi huku," akasema, "lakini mukono yangu inatafuta ile. Kumbe hukujua kama kazi iko?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza, Papa."

Kwenye simu nikasikia ile mvua niliyoiandikia kurasa tatu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. Hawakunionya kwamba tumbo lenyewe laweza kuwa la mwingine. Basi mwanangu, mwenzio akihitaji unachokijua, mpe leo, kikiwa bado na makosa yake. Kule kufutafuta nilikuita bidii, kumbe ilikuwa hofu yangu, na aliyeilipia ni mzee wa watu.

Mungu akujalie ulimi usioogopa kukosea, na kila unalouliza ujibiwe kabla hujafunga mizigo.