Mama Masharti na Mlango wa Dada

Saa mbili asubuhi, geti dogo la gereza linafunguliwa na mwanamume mmoja anatoka akiwa na mfuko wa plastiki. Ndani yake mna suruali moja, kandambili na cheti cha useremala. Anayempokea si ndugu yake. Ni afisa parole, mwanamke mwenye viatu vya raba na mwendo wa haraka, ambaye wafungwa wamembatiza jina la Mama Masharti.

"Ndevu umenyoa vizuri," anamwambia. "Sasa usije ukaniaibisha."

"Siwezi, afande."

"Afande umemwacha humo ndani. Huku niite mama."

Kazi yake ni kuwapokea wafungwa walioruhusiwa kumalizia kifungo uraiani, kuwafikisha nyumbani na kuwafuatilia. Ana watu thelathini na saba, wametapakaa mji mzima, na hana gari.

"Wengi wanadhani parole ni kuachiwa," anasema. "Ni kifungo kilekile, kimehama nyumba tu. Nikikosa mwenyeji wa kumpokea, namrudisha ndani leo hii."

Mtu wa leo anaitwa Randa, jina alilopewa kwenye karakana ya gereza. Alivunja duka, akahukumiwa miaka saba, amebakiza miwili. Mwenyeji wake ni dada yake mkubwa, mama wa watoto watatu, anayeshona nguo sebuleni kwake.

Ziara ya kukagua nyumba hiyo ilifanywa na afisa mwingine, si Mama Masharti. Alimkuta dada mtu amezungukwa na wateja, akauliza swali moja tu: utampokea ndugu yako? Akajibiwa ndiyo, akaondoka.

Mapokezi ni ya furaha. "Jamani, umekonda kama sindano yangu!" dada anasema huku akimkumbatia mdogo wake na kulia.

Kisha Mama Masharti anavuta kiti na kuyataja masharti. Saa kumi na mbili jioni awe ndani. Asilale kwingine. Afisa atafika wakati wowote, bila taarifa.

Dada anaacha kufuta machozi. "Afisa wa nini? Kwani hajamaliza?"

Randa anaangalia sakafu.

"Uliniambia umeachiwa."

"Ningekwambia ukweli, ungekubali?"

"Kwa hiyo mmenihamishia gereza sebuleni! Wateja wakiona maafisa wanaingia na kutoka hapa, nani ataniletea kitambaa?"

"Hata mimi nisingekuletea," Mama Masharti anajibu. Anamgeukia Randa. "Chukua mfuko wako, twende."

Habembelezi. "Mwenyeji niliyembembeleza atamfukuza mtu baada ya wiki," anaeleza baadaye. "Na hapo ningekuwa naubeba uongo wa Randa mgongoni."

Randa anasimama. Mfuko unachakarika mkononi mwake.

"Dada, miaka yote ile ni wewe peke yako uliyekuja kuniona. Niliogopa kukupoteza na wewe."

Dada anamtazama afisa. "Akivunja sharti, mnanikamata mimi?"

"Hapana. Namkamata yeye."

"Na nikimchoka?"

"Nipigie simu. Nitakuja kumchukua, na hakuna atakayekuuliza kwa nini."

"Usije na sare."

"Sare yenyewe hainitoshi tangu nizae wa mwisho."

Dada hacheki. Anauvuta utepe wa kupimia shingoni, anauviringa kidoleni, anaufungua tena.

"Kaa," anamwambia mdogo wake hatimaye. "Lakini wanangu wanajua ulikwenda mbali kutafuta kazi. Nimewadanganya kwa ajili yako, nimechoka. Wakitoka shule, utawaambia mwenyewe ulikuwa wapi."

"Leo?"

"Leo. Au mfuate mama yako huyo."

Randa anaketi polepole, kama mtu asiyekiamini kiti.

Nje, Mama Masharti anashusha pumzi. Ameshaandaa ombi kwa wakubwa wake: kila mwenyeji aitwe gerezani kabla ya tarehe ya kutoka, akae na mfungwa ana kwa ana, wasikie masharti pamoja. Kwa Randa, amezungumza na fundi samani wa mtaa wa pili, na fundi amesema amlete wamjaribu.

"Mwezi ujao nitabisha hodi hapa asubuhi," anasema. "Naomba nisimkute. Naomba dada yake anifokee kwamba mtu yuko kazini, nisimsumbue."