Mulamula kwenye Beseni

Wajinga nimewaona wengi, lakini mjinga mwenye cheti ana ladha yake. Huyu ninayemsema alikuwa karani wa Mzungu wa kilimo pale Nyakasimbi. Suruali yake ilipigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, mfukoni kalamu mbili, kichwani hamna kitu.

Kaka yangu alikuwa mtunza bustani wa Mzungu huyohuyo. Barazani kwa Mzungu palikuwa na mti mdogo kwenye sahani ya udongo, sahani yenyewe haina kina cha vidole vinne. Mzungu aliuita bonsai, akasema ni ufundi wa Wajapani. Mti ulikuwa mutoma, huuhuu ambao babu zetu walikuwa wakiuchuna gome watengeneze nguo. Kaka ndiye aliyeutoa kwenye ufa wa jabali kule malishoni, ambako mbuzi walikuwa wameutafuna miaka na miaka mpaka ukakata tamaa ya kurefuka. Akaupunguza mizizi kidogo kidogo, akawa anaukata vichipukizi kwa wembe, na kila kidonda akakifunga kwa jani la mgomba, kama wazee walivyokuwa wakiufunga mutoma uliochunwa. Mzungu alileta jina tu. Kazi ni ya kaka, na hilo nitalisema mpaka nizikwe.

Siku moja nilimuuliza kaka mti upi hasa ndio bonsai wa kweli, maana mimi nilidhani kila mti mfupi ni bonsai. Akanicheka. Akasema ufupi si kitu, hata mbilingani ni mfupi. Shina linatakiwa liwe nene chini na lipungue likienda juu, mizizi ishike udongo kama vidole, majani yakubali kuwa madogo. Ukiinama ukautazama, uone mti mkubwa ulio mbali, usione mkono wa mtu. Na ukiutoa ukaupanda shambani, urefuke kama ndugu zake. Mimi shule sikukaa, herufi nilizisoma kwenye magunia ya kahawa, lakini hilo liliniingia mara moja.

Karani halikumwingia. Yeye alisikia tu kaka akisifiwa mbele ya wageni, na sifa zile zilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu wa jembe anasifiwa, yeye mwenye cheti anatumwa kuleta viti.

Sasa, kibanja cha kaka, shamba lake la migomba na kahawa, kinapakana na cha mjane mmoja mtu mzima, ambaye sote tulimwita Mama. Mpaka ni mstari wa mulamula, mti tunaoupanda kuwa alama ya mpaka, na pale kwenye kona, mstari unapopinda, palikuwa na mulamula mmoja wa zamani, mnene kama paja, uliokatwa kichwa mara nyingi hata haujulikani ulipandwa na nani. Kwetu hata mtoto asiyejua kufunga kaptura yake anajua kuwa mulamula haung'olewi. Jumatatu moja asubuhi Mama akakuta shimo. Bila kona ile mpaka unanyooka, na ukinyooka, mibuni yake minne inaangukia upande wa kaka.

Na nani aliyejulikana kwa kung'oa miti na kuitia kwenye sahani?

Mama hakupiga kelele. Alikuja mpaka mlangoni, kaka akamwamkia shikamoo, hakuitikia. Alisema, "Nimekuogesha ulipokuwa mdogo. Ungeniomba, ningekupa." Akageuka akarudi kwake.

Kaka hakula siku ile. Mibuni hata hakuiwaza. Aliwaza kwamba yule mama atakufa huku akimhesabu mwizi. Wazee wakapanga kukutana Jumatano palepale shimoni.

Jumatano asubuhi nikapita ofisini kumwombea kaka ruhusa. Nyuma ya ofisi, kivulini, nikaukuta mulamula wetu kwenye beseni la kunawia, umefungwa waya shingoni kama mbuzi anayepelekwa mnadani, majani marefu kama mapanga yananing'inia mpaka chini. Karani akanionyesha kwa majivuno. Akanieleza kuwa aliuona kando ya njia Jumapili watu wakiwa kanisani, akauchimba, na Jumamosi atamkabidhi Mzungu mbele ya wageni, maana huu ni mzee kuliko kile kijiti cha kaka. Baba yake mtu huyu analima kibanja Bugomora. Miaka mitatu ya shule ilimfuta mpaka kilichomlea.

Nikabeba beseni kichwani nikaondoka.

Nilipolitua mbele ya wazee, mmoja akatikisa kichwa, akasema, "Basi. Mdogo mtu ameuleta mwenyewe." Kabla sijafungua mdomo karani akatokea, jasho linamtoka, viatu vimejaa vumbi.

"Wazee, shikamooni. Kijana huyu ameiba bonsai yangu."

Mzee yule akamuuliza ameipata wapi. Karani akatazama beseni, akatazama shimo, akarudi kwenye beseni. Akasema alidhani ni kichaka tu.

"Kichaka kilichopangwa kwenye mstari," akasema mzee. "Ulidhani kimepandwa na ndege?"

Watu walicheka, mimi zaidi ya wote. Kaka peke yake hakucheka. Akasema taratibu, "Bwana karani, mulamula hauwi bonsai. Majani yake hayakubali kuwa madogo. Ungeniuliza, ningekufundisha."

Ningekuwa mimi ningemtemea mate. Lakini niliona Mama akimtazama kaka, na macho yake hayakuwa tena yale ya mlangoni.

Wakamwamuru karani aurudishe mwenyewe. Alichimbua kwa mikono yenye kucha safi, akaushika mti juu chini, wakamgeuzia. Mizizi iliyobaki shimoni ilikutana vizuri na pale ulipokatikia. Ulipokaa sawa, mzee akaagiza wenye mpaka washindilie udongo, kila mmoja kwa upande wake. Mama akavua kandambili zake, akakanyaga. Kaka akakanyaga. Mama akamshika mkono asiteleze, akamwita mwanangu.

Karani naye akainua kiatu chake asaidie.

"Wewe," akasema Mama bila kumtazama, "ondoa mguu."