Ugali wa Bibi Lurdes Uliotupwa

Mwanangu, kuna mchana mmoja nilivua glovu, nikazitupa juu ya toroli la chakula na kusema basi. Ilikuwa hapa ughaibuni, Bladensburg, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi ya kuwatunza. Dada Mwajuma, mkuu wa zamu yetu, alikuwa amemnyang'anya Bibi Lurdes sahani, akakimwaga chakula kwenye pipa, kisha akaandika kwenye faili: amekataa kula. Amekataa, na mdomo bado unatafuna.

Nianzie nyuma kidogo, maana hasira isiyo na maelezo ni kelele tu.

Bibi Lurdes alizaliwa Madeira, kisiwa cha Wareno. Alipoletwa kwetu alikuwa hali kitu. Viazi vya kupondwa alivisukuma, supu aliisukuma. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni, na daktari alishaanza kutaja mpira wa kulishia. Nikamuuliza anatamani nini. Akasema milho: unga mweupe wa mahindi, unasongwa na sukuma iliyokatwa nyembamba na kitunguu saumu. Nilicheka, mwanangu. Kumbe ni ugali na sukuma, na mimi nimekulia Kakamega.

Kesho yake nikasonga alfajiri, nikaufunga kwa taulo ufike ukifuka moshi. Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu mgeni hapewi kiporo. Ugali wa jana huliwa na mwenye nyumba akiwa amefunga mlango. Bibi aliuonja, akaweka kijiko chini.

"Nani alikufukuza jikoni?" akaniuliza. "Huu haujalala."

Kwao ugali humwagwa kwenye sinia, ukalala mpaka ukashikana, ukakatwa vipande kama vya sabuni, ukakaangwa hadi ukauke nje. Ndio huo anaopewa mgeni wa heshima, pamoja na nyama ya kuchoma kwenye kijiti kibichi. Akanikemea kwamba nina adabu nyingi na masikio machache. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na mimi nilikuwa nimeuliza nusu.

Basi nikaulaza, nikaukaanga. Muuguzi akaukagua, akaruhusu. Bibi akala vipande vinne, kesho yake sita, akaanza kunitukana kwamba nakata sukuma kama nalisha ng'ombe. Mzee anayemtukana mpishi anapona huyo.

Ndipo akaja Mwajuma, mtu wa Tanga, hodari wa kazi, simnyimi sifa yake.

"Dada, hiki si kiporo?" akaniuliza. "Mkaguzi akija nimwambie nini?"

"Mwambie bibi anakula."

"Wewe ungempa mama mkwe wako hiki?"

Nikamjibu mama mkwe wangu si Mreno. Akakimwaga. Bibi Lurdes akageukia ukuta.

Mwanangu, mimi nimezaliwa juzi, sina mvi za kukuonyesha, lakini shika hili. Ukimheshimu mtu bila kumsikiliza, umejiheshimu mwenyewe, si yeye. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Usimpimie mzee wa watu kwa kibaba cha kwenu. Na ukiona kalamu inamwandikia uongo mtu asiyeweza kujibu, usijifungie chooni kulia kama nilivyofanya mimi kwanza. Tafuta karatasi. Mungu akupe ulimi mkali, na akupe sikio linalouzidi.

Karatasi yangu niliipeleka kwa mkurugenzi siku hiyohiyo, nikasimama hapo hapo mpaka akatia saini kwamba ameipokea. Niliandika hivi:

"Mimi, mtunzaji wa Bibi Lurdes, nalalamika rasmi. Leo mchana mkazi huyu hakukataa chakula. Alinyang'anywa akiwa anatafuna. Naomba neno 'amekataa' lifutwe kwenye faili lake kabla daktari hajalisoma. Na naomba aulizwe yeye mwenyewe anakula nini, atakayemuuliza aandike jibu lote, asiandike nusu."