Mkungu Niliourudisha Mnadani

Kanisani kwetu, karibu na Runyenjes, asiye na pesa hutoa alichovuna. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa uwanjani: mayai, kabeji, jogoo aliyefungwa miguu. Jumapili ile mnada ulikuwa wa mwinjilisti wetu, anayehubiri kule chini kwenye ukame, ambako waumini wake hawana cha kumlisha. Makanisa ya huku juu ndiyo humchangia.

Mama alitoa mkungu wa ndizi. Noti ya mia mbili aliyokuwa nayo ilikuwa nauli yangu: Jumanne nilikuwa nimeitwa Embu kwa mahojiano ya kazi, ya kwanza tangu nimalize chuo kikuu.

Mkungu ulinunuliwa na jirani yetu, mwalimu mstaafu. Kwetu mnunuzi akitaka humzawadia mtu alichonunua, na watu hupiga makofi. Mwalimu akaninyooshea kidole.

"Mpeni msomi wetu. Ale apate nguvu za kutafuta kazi."

Watu wakacheka. Pengine kilikuwa kicheko kizuri tu, lakini mimi nilikisikia kwa namna kumi. Nikiupokea, nitapita kijiji kizima nimebeba ndizi zilizotoka shambani kwetu asubuhi, kama mtu aliyekuja kanisani kuomba. Nikikataa, mwalimu ataumia. Nikichelewa kujibu, wataona ninaringa. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alikuwa ameshanifikia.

"Shika basi! Ama huko chuo hamkufundishwa kubeba?"

"Unadiwe tena," nikasema. "Uwe wa mwinjilisti."

Nilidhani watashangilia. Kumbe watu walikuwa wameshatoa walichokuja nacho. Mzee alianza na mia tatu. Hakuna aliyeinua mkono. Akashuka hadi mia mbili.

"Jamani, msomi amerudisha zawadi. Mtamwacha hivyo?"

Mwalimu alikuwa akiangalia viatu vyake. Kitu kilichorudishwa kikikosa mnunuzi, aliyekirudisha hukinunua mwenyewe. Hilo kila mtu analijua, na mimi nililikumbuka wakati huo. Mfukoni sikuwa na kitu. Nilitoa simu nikajifanya nasoma ujumbe.

"Mia mbili," sauti ikasema nyuma yangu.

Ilikuwa ya mama. Alipita katikati ya watu, akafungua ncha ya leso, akalipa, kisha akaufunga mkungu wake kwa kamba akauweka mgongoni. Mwinjilisti, aliyekuwa mgeni wetu siku hiyo, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mungu akubariki, mama. Watoto wa kule watasikia Neno."

Alisema kwa moyo wake wote. Nilitamani asingesema.

Njiani nilimwomba mama nimsaidie kubeba.

"Wacha," akasema. Tulipokaribia nyumbani ndipo akaongeza, "Kesho utaenda kwa mwalimu umwambie huna nauli. Utaenda wewe. Mimi siendi."

Jumatatu nilisimama langoni kwa mwalimu nikipanga maneno mpaka mbwa wake akachoka kubweka. Alitoka na kikombe cha chai mkononi. Nilimweleza kwa sentensi ndefu mno, yenye samahani nyingi. Hakuuliza pesa za mama zilikwenda wapi, alikuwepo. Akatoa noti, lakini hakuiachilia mara moja.

"Na hii utairudisha mnadani?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi shika."

Nikaipokea kwa mikono miwili, macho yangu yakiwa kwenye kikombe chake.